Nukta na Mikato ya Mzee Galma

Garsen, Jumatatu, 6 Oktoba 1997

Mvua ya kwanza baada ya ukame ambao nilishaacha kuuhesabia miezi. Imenyesha saa nzima, ikaacha, na sasa ua wote unanuka vumbi lililolowa. Mzee Galma, mwenye nyumba wangu, Muorma, alitoka bila kofia akasimama katikati ya ua akilowa kwa hiari yake. "Mvua nakuja, mwalimu," akaniambia. "Tena nakuja kubwa. Tena mto tajaa. Tena ng'ombe takula." Nikamwambia, kwa ule ujuvi wetu wa Kipini, kwamba sentensi zake zote amezifunga kwa kamba moja, tena, tena, tena, na iko siku kamba itakatika. Akacheka mpaka akakohoa. "Na wewe, Nuriya, nasema kama bomba la maji," akanijibu. "Mtu hapati nafasi ya kuweka kikombe."

Huu ni mwaka wangu wa tatu kufundisha Kiswahili hapa na masikio yangu bado hayajazoea. Mpokomo, Muorma, Msomali, Mgiriama, kila mmoja anachukua maneno anayoyahitaji na ngeli anaziacha palepale alipozikuta. Nikisahihisha, wananishukuru kwa adabu na kurudia kosa lilelile.

Jumatano, 8 Oktoba

Mvua.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mvua. Paa linavuja juu ya kitanda changu, wala si kwingineko.

Jumapili, 19 Oktoba

Mzee Galma ameanguka. Alikuwa anatawadha, nikasikia birika likigonga saruji, na nilipotoka alikuwa chini, uso umevutwa upande mmoja. Bahati nzuri Kombe alikuwepo. Kombe ni mkulima wa kijiji cha Wema, Mpokomo, na alikuwa ameleta mkungu wa ndizi kama aletavyo karibu kila wiki. Watu wa ng'ombe na watu wa jembe hapa hawapikiki chungu kimoja kila siku, lakini hawa wawili ni marafiki tangu ndevu zao hazijaota. "Mwalimu, shika kichwa!" Kombe alinipigia kelele. "Shika kichwa, usikiachie!" Nikashika. Barabara imejaa maji, kwa hiyo walimlaza ndani ya mtumbwi na Kombe akausukuma kwa upondo kuelekea hospitali ya Ngao. Bishara, mkewe, alikaa mbele na kichwa cha mumewe mapajani. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na mimi ni mpangaji tu.

Jumatatu, 27 Oktoba

Hakuna habari kutoka Ngao. Mto umepanda tena.

Jumapili, 2 Novemba

Amerudi. Ni kiharusi. Mguu wa kulia anauburura, mkono wa kulia umekaa tu pajani. Daktari amesema mguu na mkono vitarudi polepole, na ulimi Mungu ndiye ajuaye. Maneno yote yamemtoka, ya Kiorma na ya Kiswahili, isipokuwa moja. Walipomshusha aliniangalia machoni, akakusanya nguvu, akasema, "Tena."

Nikaingia chumbani nikajifungia. Mcheka kilema hafi bila kumfika, na mimi nilimcheka kwa neno hilohilo.

Jumatano, 5 Novemba

Nilimpa chai akasema, "Tena." Nikamwongeza. "Tena." Nikamwongeza. Kikombe cha nne alikifunika kwa kiganja cha mkono mzima, akanitazama kwa muda mrefu. Bishara alicheka mpaka akakaa chini. Ni mara ya kwanza kucheka tangu siku ile.

Jumanne, 11 Novemba

Kalla amekuja, mdogo wa mzee Galma, ambaye wakati wote huwa malishoni na ng'ombe. Amepita majini mpaka kifuani, nguo amezifunga kichwani. Alisimama mbele ya kaka yake akamsalimu salamu zile ndefu za kwao. Mzee akajibu, "Tena tena, tena." Kalla akangoja. Akasalimu upya. "Tena." Hapo Kalla akageuka akatoka hadi uani, na akaniambia mimi, sijui kwa nini mimi, "Hata Kiorma imemtoka. Mungu ameacha yeye na neno la watu wengine." Akaondoka bila kukaa, bila hata maji ya kunywa. Nimemchukia. Mtu gani anamtazama ndugu yake kama mzoga?

Ijumaa, 14 Novemba

Madukani hakuna unga. Matope yamefika kizingitini.

Alhamisi, 20 Novemba

Shule imefungwa. Madarasani wamelala watu ambao mto umewafukuza. Njia ya Kipini imekatika. Mvuvi mmoja wa kwetu aliyefika kwa mashua alisimama mlangoni akaniambia, "Mamako asema uye. Asema ayaota mai." Nikamwambia amjibu kwamba siji, na maji hayo mimi siyaoti, nimo ndani yake.

Jumapili, 23 Novemba

Leo nimejifunza jambo, na aliyenifundisha hajui kusoma wala kuandika.

Nilikuwa nimekaa barazani na mzee, mvua inapiga mabati. Akasema, "Tena tena tena," akanyamaza, akanitazama. Mimi nikafanya kama tunavyofanya sote. Nikatikisa kichwa kwa huruma nikangoja, eti nisimkatize mgonjwa. Akasema "Tena" mara moja, fupi, kisha akateremsha macho, na hapo ndipo mazungumzo yetu huishia kila siku.

Bishara akaita kutoka jikoni. "Mwalimu! Mbona wewe nanyamaza? Yeye nangoja."

"Anangoja nini, Mama?"

"Nangoja wewe." Akatoka na mwiko mkononi. "Mtu nasema kidogo, nasimama. Wewe nasema hee. Yeye najua wewe uko, naendelea. Wewe kama husemi hee, maneno nakufa. Hii kwetu hata mtoto najua."

Kwao, akaniambia, hata kwenye baraza la wazee msemaji hasimami peke yake. Kuna mtu wa kumwitikia, ambaye kazi yake ni kusema hee kila kipande cha usemi kinapofikia mwisho wake, si kabla wala baada. Mwitikiaji wa mzee Galma kwa miaka arobaini ni Wario wa Ndera, ambaye mafuriko yamemfungia hukohuko. Mimi nikamweleza kwamba kwetu Kipini ukinyamaza kupumua tu, mwenzio ameshaingia na habari zake. "Ndiyo," akasema Bishara. "Tumeona."

Nikamgeukia mzee, nikasikia haya kama siku ya kwanza darasani. Akanitazama. "Tena, tena tena."

"Hee," nikasema.

Macho yakamfunguka. "Tena tena tena, tena."

"Hee."

Basi akaenda. Maharage yalichemka yakaiva na mzee Galma bado anazungumza, neno ni lile moja, lakini si kitu kimoja kinachosemwa. Alipanda, alishuka, aliuliza, alingoja jibu, alijijibu, alikasirika, alicheka. Sikujua habari yenyewe ni ipi, ila nilijua kabisa kwamba ni habari, ina mwanzo na katikati, na mwisho ulipofika niliujua kabla hajafunga mdomo.

Tangu aanguke, kila mtu amekuwa akimtazama kwa kimya cha huruma. Kimya hicho ndicho kilichomfanya bubu. Nimemwuliza Bishara kama yeye humwitikia. "Kila asubuhi, nikipika. Wewe nafikiri mimi naongea na nani?" Nilidhani anaongea na sufuria.

Jumamosi, 29 Novemba

Nimeanza kumwandika mzee kwenye daftari la shule.

"Tena tena: tena, tena, tena, tena." Hii ni orodha. Kwa kila kitu sauti inapanda kidogo na kubaki hewani, na kwa cha mwisho inashuka na kutua. Alikuwa anatazama banda la mbuzi. Mbuzi wa Bishara ni wanne.

"Tena tena tena (tena tena) tena tena." Mabano ni yake, si yangu. Pale katikati sauti ilizama ikakimbia, ikatoka, ikaendelea pale ilipoachia. Ilikuwa jambo la pembeni, na macho yake yalikwenda jikoni. Bishara akajibu kutoka hukohuko, "Nimesikia!"

Miaka kumi na mmoja nimewafundisha watoto kwamba nukta huwekwa mwisho wa sentensi na mkato ndani yake, kana kwamba vitu hivi vilizaliwa ubaoni. Ninaandika "Amekuja" na "Amekuja?" na kuwaambia tofauti ni ile ndoano. Mtoto aliye mgongoni mwa mamake anaijua tofauti hiyo kabla hajajua neno hata moja. Mimi niliyekuwa nikijidai mwenye lugha, nilikuwa nimeshika maneno tu.

Lakini nisijidanganye. Jana alisema jambo refu, kwa huzuni, na mimi nikawa namtajia: mvua? mguu? wazazi? Kila nililotaja alilikata, "Tena!" Nikazidi kumtajia kama mnadi samaki, mpaka akanigeuzia uso. Sauti yake inanipa chungu, na mimi nilikuwa nachukua chakula changu ninakitia humo. Nimemwomba radhi. "Tena," akasema, polepole, na mkono akanipungia. Hiyo niliielewa.

Jumanne, 9 Desemba

Mvua. Helikopta imeangusha magunia ya mahindi. Watu wamekimbia matopeni, na mimi nimekimbia pia.

Jumatatu, 29 Desemba

Uchaguzi. Bishara amekwenda kupiga kura na viatu kichwani.

Jumatano, 31 Desemba

Ramadhani imeingia. Mzee haruhusiwi kufunga na amechukia. Kwa chuki yake sihitaji daftari.

Jumamosi, 10 Januari 1998

Maji yameanza kuondoka, polepole, kama mgeni anayekumbuka jambo jingine mlangoni. Kombe amekuja. Amekonda, na mto umechukua kila kitu chake: ndizi, mpunga, hata nyumba ya kuku. Amebakiwa na ardhi, na ardhi hiyo imeachiwa tope jipya jeusi ambalo, asema, ukilitemea mbegu ya tikiti linaota kabla hujafuta mdomo. Ila tope halimngoji mtu. Likikauka kabla hajapanda, wanawe hawatakula mwaka huu.

Na kuna jambo. Mwaka jana wakati wa ukame, malka ya akina Galma, yaani ile njia ambayo ng'ombe hushukia mtoni, ilikauka ikabaki tope zito, na ng'ombe walikuwa wanakwama humo na kufa. Kombe akampa Galma njia kupitia katikati ya shamba lake. "Tulikubaliana wawili, pale ukingoni, hakuna mwingine," akaniambia. "Mpaka mvua. Mvua ikija, mto ukijaa, wao warudi kwenye malka yao na mimi nirudi kwenye shamba langu. Hatukuandika, Mwalimu. Nani huandikiana na nduguye?"

Sasa vijana wa ng'ombe wanasema njia iliyokanyagwa mwaka mzima ni njia ya ng'ombe, na Kalla yuko nao. Pande zote mbili kuna watu wanaoanza kunoa vitu.

Kombe akamgeukia mzee. "Ndugu yangu, unakumbuka?"

"Tena," akasema Galma, nzito, imetua. Kombe akafunika uso kwa viganja. Akaniuliza, "Mwalimu, hiyo ni ndiyo?" Nikamwambia ni ndiyo. "Nitamwambia nani?" akasema Kombe.

Jumapili, 18 Januari

Nimegombana na Kalla. Nilimwambia kaka yake ana akili timamu na anaikumbuka ahadi. Nilisema haraka na kwa sauti ya juu, kama nisemavyo. Yeye akangoja mpaka nikaisha.

"Mwalimu, ng'ombe ilikuwa themanini," akasema. "Sasa kumi na tisa. Zingine mto imechukua, zingine homa. Mimi nimeona zote nakufa, moja moja. Malka ya zamani ni mbali, ukingo imebomoka. Ng'ombe hii naweza kufika?" Kisha akasema, "Ndugu yangu hajui habari hii. Mimi namwambia nini? Kama haelewi, mimi naumia bure. Kama yeye naelewa, mimi naua yeye."

Nilidhani hamkaribii kaka yake kwa dharau. Anaogopa ile "tena" kama wengine wanavyoogopa maiti, na kila akiisikia anazika upya. Nimemwonea huruma, lakini Kombe bado anahitaji shamba lake.

Wazee wa pande zote mbili watakaa baada ya Idi.

Ijumaa, 30 Januari

Idi. Bishara amenipikia nyama ya mbuzi. Wamebaki watatu. Mzee amewahesabu.

Jumanne, 3 Februari

Wamekutana darasani kwangu, maana ndilo darasa pekee lililokauka na ufunguo ninao mimi. Wazee kumi na wanane, Waorma na Wapokomo, wamekaa kwenye madawati ya darasa la tano, magoti yakigusa videvu. Mimi na Bishara tulikaa mlangoni. Galma aliletwa kwa mkokoteni akawekwa mbele, kwenye kiti changu.

Aliyeongoza ni Wario. Pande zote zilimkubali kwa uzee wake. Ametoka Ndera jana, na tangu kiharusi hajawahi kumwona Galma. Alimsalimu, akajibiwa kwa neno lile moja. Kisha akaketi na kuendesha kikao kwa Kiswahili ili wote wasikie.

Kombe alisema yake kwa ufupi. Kalla alisema yake, bila matusi wala uongo. Alisema hakuwepo ukingoni siku hiyo, alikuwa malishoni, kwa hiyo anachokijua ni kwamba ng'ombe wamepita pale mwaka mzima na hakuna aliyewazuia.

"Aliyekuwepo ni Galma," akasema mzee mmoja wa Kipokomo.

Kalla akasimama. "Ndugu yangu ako na neno moja. Uliza ndiyo, nasema tena. Uliza hapana, nasema tena. Ushahidi gani hii?"

Vichwa vikatikiswa kukubaliana naye, hata vya upande wa Kombe. Nikainuka na daftari langu. Nilikuwa nimejitayarisha wiki nzima, nimeandika orodha zake, maswali yake, mabano yake. Wario akaniinulia mkono kabla sijafungua mdomo.

"Mwalimu, mimi naheshimu wewe. Lakini wewe kama nasema, sisi tasikia wewe. Hatutasikia Galma."

Nilikaa. Kilichoniuma ni kwamba amesema kweli, na hakuna aliyeijua kweli hiyo kunishinda mimi, niliyemwekea mzee maneno mdomoni mpaka akanigeuzia uso.

Hapo Galma akasema, "Tena."

Akaishia hapo, akangoja. Kombe alitazama miguu yake, Kalla alitazama dirisha, wazee wote wakainamisha macho kwa ile heshima ya msibani. Bishara alinishika kifundo cha mkono akakibana. Mdomo wake ulikuwa umeshafunguka kusema, lakini kwao mwanamke haitikii barazani, na mimi nilishanyamazishwa. Nikaona macho ya Galma yanaanza kuteremka. Nikasema moyoni, basi, imekwisha, Kombe amekosa shamba na huyu amekosa kuwa mtu.

"Hee," akasema Wario.

Ilimtoka tu. Alishtuka mwenyewe kama aliyepiga chafya katikati ya sala. Miaka arobaini ya kumwitikia mtu yuleyule, sikio lilisikia kipande kimefika mwisho na mdomo ukafanya kazi yake bila kumwuliza mwenyewe.

Galma akanyooka kitini.

"Tena tena, tena tena tena."

"Hee."

"Tena tena tena, tena, tena, tena."

"Hee."

Alianza chini na polepole, kama wanavyoanza wote barazani. Kwa mkono wa kushoto alionyesha mtoni, jua, ardhi iliyopasuka. Kisha akafanya jambo ambalo hata mimi sikuwahi kulisikia. Sauti ikapanda, ikawa nyembamba na ya haraka, ikaruka mwisho wa kila kipande kwa ule mruko wa Wapokomo wa Wema. "Tena tena tena tena? Tena tena tena!" Darasa zima likacheka kwa pamoja, na Kombe akacheka kuliko wote, kwa sababu alikuwa ni yeye. Galma alikuwa anamwigiza Kombe akitoa njia. Baada ya hapo sauti ikarudi kuwa yake, nzito, ikauliza. Sauti ya Kombe ikajibu. Yake ikashukuru, kwa urefu, kama mtu mwenye ng'ombe wanaokufa anavyoshukuru. Kisha zikaja sauti mbili kwa zamu, fupi fupi, swali na jibu, swali na jibu, na mkono ukaenda kushoto, ukarudi kulia, ukatulia. Wario alikuwa anaitikia macho ameyafumba. Wazee wengine wawili wa Kiorma walikuwa wameanza kuitikia pamoja naye, na nadhani hawakujijua.

Galma aliponyamaza hakuna aliyemwitikia, maana wote tulijua amemaliza.

Wario akafumbua macho. "Galma," akasema. "Umesema Kombe nakupa njia. Umesema njia ni yako, na ya watoto yako, siku zote."

"Tena." Ilidondoka na kukatika palepale. Mzee wa Kipokomo aliyekuwa dawati la mbele akatikisa kichwa na kusema, "Amekataa huyo," kana kwamba amesikia kwa lugha ya mamake.

"Umesema njia ni ya kuazima. Mpaka mvua. Na mvua imekuja, na njia narudi kwa mwenyewe."

Mara hii Galma hakujibu upesi. Alimtafuta Kalla kwa macho mpaka akampata pale dirishani. Alijua vizuri anachomnyang'anya mdogo wake. Nimesema alijua, na sijali kama kuna atakayeniambia nimemtilia maneno.

"Tena," akasema, taratibu, chini kabisa, ikatua.

Mtu hakuuliza maana yake. Wario akasema ng'ombe watarudi malka ya zamani, na vijana wa pande zote mbili watatengeneza ukingo kwa pamoja kuanzia kesho. Kombe alivuka darasa akapiga magoti mbele ya kiti changu na kumshika Galma mkono ule uliokufa. Nilipotazama dirishani Kalla hakuwepo.

Jumatano, 4 Februari

Nimefagia darasa. Kombe anapanda.

Alhamisi, 5 Februari

Kalla alikuja leo alasiri. Niliogopa, nikakaa karibu. Alimsalimu kaka yake, akajibiwa, na badala ya kugeuka alivua viatu na kukaa mkekani, jambo ambalo hakulifanya msimu wote huu. Kisha akasema kwa Kiorma maneno machache, akaishia pale kwenye kipande cha kwanza, sauti ikining'inia.

"Hee," akasema Galma.

Bishara aliacha kupepeta. Mimi niliacha kila kitu. Sote tulikuwa tunajua kwamba ana neno moja tu, na sauti hii hatukuwahi kuisikia kinywani mwake. Miezi mitatu tumempima, tumemwuliza, tumemwitikia, tumejisifu kwamba tunamwelewa. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia habari yoyote, ili naye apate kuitikia.

Kiorma changu hakifiki popote, ila baadaye Bishara alinieleza. Kalla alikuwa anamwambia habari za ng'ombe. Kwao kila ng'ombe ana jina, na alikuwa anawataja waliokufa, mmoja mmoja, kwa jina na mahali. Nilisikia orodha: sauti inapanda kidogo, inangoja hewani. "Hee," anasema Galma, machozi yanamshuka upande mzima wa uso na upande ule mwingine pia. Jina jingine. "Hee." Jina jingine. Sikuhesabu. Najua walikuwa sitini na mmoja.

Katikati ya orodha, sijui ni wa ngapi, Kalla akamtaja ng'ombe mmoja akashindwa kuendelea. Akainamisha kichwa magotini, mabega yanatikisika, mtu mzima yule aliyepita majini mpaka kifuani. Nilitaka kuinuka nimwambie basi, inatosha. Bishara akanikalisha. Orodha ilikuwa haijafika mwisho, sauti aliiacha huko juu.

Galma akangoja. Kisha akasema, kwa nguvu kidogo, "Hee."

Kalla akajifuta uso kwa kikoi, akaendelea.